Kishikio cha breki kikigoma kuachia: la kufanya kabla ya kutua

Ndugu zangu warukaji wa parachuti, siku moja nilipoteza zaidi ya futi 1,000 nikivutana na kishikio cha breki cha kushoto, macho kwenye kishikio, altimita (kipima urefu) nimeisahau kabisa. Nilitua mzima. Lakini nafasi ya kuamua kama niitupe parachuti kuu na kufungua ya akiba ilikuwa imenipita angani bila mimi kujua, na ndiyo maana nimeandika somo hili.

Parachuti ya mraba hufungashwa breki zikiwa zimevutwa nusu, ili isirukie mbele inapofunguka. Kila kishikio hukaa kwenye mkanda wa nyuma, yaani mkanda wa begani unaounganisha kamba za nyuma za parachuti na mrukaji, ncha yake imepita katika kitanzi cha kamba ya breki. Kamba iliyozidi ikiachwa inaning'inia, yaweza kukizunguka kishikio wakati wa kufunguka na kufanya fundo. Hapo kadiri unavyovuta, ndivyo linavyokaza.

Hatua ya 1: altimita kwanza. Kwa kanuni za USPA, chama cha warukaji cha Marekani, mwanafunzi na mwenye leseni A, ile ya kwanza, huamua kama wataitupa parachuti kuu wakiwa hawajashuka chini ya futi 2,500. Wenye leseni B hadi D, futi 1,800. Taja namba yako kwa sauti kabla hujapanda ndege.

Hatua ya 2: nyoosha mwendo. Kama upande mwingine hujauachia, usiuachie. Breki zote zikiwa nusu parachuti hunyooka, nawe utageuza kwa mikanda ya nyuma. Kama umeshauachia, itazunguka kuelekea upande uliogoma. Vuta kishikio kilicho huru mpaka inyooke.

Hatua ya 3: nasua, mara mbili tu. Rudisha kishikio juu fundo lilegee, kisha vuta kwa nguvu. Tazama altimita. Rudia. Basi.

Hatua ya 4: jaribu kutua ukiwa bado juu. Je, inanyooka? Inageuka pande zote mbili? Ukivuta mikanda yote ya nyuma kwa pamoja, inapunguza kasi bila kuyumba? Jibu moja likiwa hapana, au hujawahi kufanya zoezi la mikanda, yaani kuiongoza parachuti kwa mikanda ya nyuma, tupa parachuti kuu na ufungue ya akiba kabla hujafika urefu wako wa kuamua. Chini ya futi 1,000 usiitupe tena.

Hatua ya 5: kutua. Elekea upepo, usigeuke chini chini. Miguu na magoti pamoja, tayari kubiringika. Breki zikiwa nusu, mvuto wa mikanda uwe mfupi sana: ukizidisha, parachuti huacha kuruka na kukuangusha mgongo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, siwezi kuvuta kishikio kilicho huru kwa mkono mmoja na mkanda kwa mwingine?*
Hapana, naomba sana. Mikono haitalingana, parachuti itageuka ukiwa futi chache juu ya ardhi, na mgeuko huo ndio unaovunja mapaja na viuno. Ukijikuta umeshachelewa kuitupa, ishikilie inyooke kwa kishikio kilicho huru, kisha tua hivyo hivyo na ubiringike. Kasi itakuumiza kidogo kuliko mgeuko.

*Je, nikate kamba kwa kisu?*
Kwa mzoefu mwenye urefu wa kutosha, yawezekana: kata kamba ya breki iliyonasa peke yake, achia upande wa pili, utue kwa mikanda yote miwili. Kwa mwanafunzi, hapana. Kamba zingine ziko karibu mno.

*Zoezi la mikanda nilifanyie wapi? Mimi naruka Diani.*
Popote, mwalimu wako akiridhia, ukiwa juu. Anza na breki zikiwa bado nusu: geuka kulia, kushoto, vuta mikanda yote miwili. Kisha ziachie urudie, usikie tofauti ya uzito mikononi. Acha kabla hujafika urefu wa kuamua.

*Nitazuiaje fundo lenyewe?*
Unapofungasha, chomeka kamba iliyozidi mahali pake kila mara, hata kama ndege inawasha injini na wenzako wanakuita. Mfuko wa kuchomekea kamba hiyo ukichakaa, mpelekee fundi kabla ya kuruka.