Nyimbo za zamani za Kijapani za msimu wa baridi: zipange kama safari ya treni

Kila ikikaribia Desemba kuna mtu anauliza aanzie wapi na nyimbo za Kijapani za msimu wa baridi, zile za zamani za miaka ya 1970 mpaka 2000 na kitu, na anachopewa ni nyimbo hamsini zimemwagwa tu, akifika wa nane ashachoka na zote anaziskia sawa. Mimi nasema zipange kwa treni. Nyimbo nyingi kubwa za baridi za kule zinaongelea nani anakuja na nani anaondoka, na kadhaa zimepaa kupitia matangazo ya kampuni za reli, kwa hiyo ukianza Desemba ukaenda nazo mpaka Machi theluji inapokwisha, stesheni moja baada ya nyingine, zinashikana zenyewe.

Stesheni ya kwanza ni "Christmas Eve" ya Tatsuro Yamashita, ya 1983. Jua kwanza kwamba Krismasi ya Japani ni siku ya wapenzi zaidi kuliko ya familia, familia wanakutana mwaka mpya, ndo maana huyu jamaa kwenye wimbo anasubiri mtu wake usiku, mvua inanyesha na inaelekea kugeuka theluji, na moyoni anajua kabisa haji. Mdundo mchangamfu, maneno yanauma. Weka hedifoni ufike katikati, pale ala zinapompisha yanabaki masauti tu yamepandana, hiyo ni Canon ya Pachelbel na sauti zote unazoskia ni zake mwenyewe, kazirekodi moja juu ya nyingine. Rudia hicho kipande peke yake mara mbili tatu kabla hujaendelea.

Wimbo ulipotoka ulifanya vizuri kiasi lakini haukuwa hivi tunavyoujua leo. Mwaka 1988 kampuni ya reli ya JR Tokai ikauweka kwenye tangazo lake la treni za kasi za shinkansen, na 1989 likaja tangazo la pili, mwigizaji Riho Makise anakimbia ndani ya stesheni ya Nagoya na zawadi mkononi, anapishana na watu, afu anamuona mtu wake anatoka, yeye anajificha nyuma ya nguzo ili amshtue. Desemba hiyohiyo wimbo ukafika namba 1 kwenye Oricon, chati ya mauzo ya muziki Japani, miaka 6 baada ya kutoka! Na ona kilichofanyika, kwenye wimbo mtu haji, kwenye tangazo mtu anakuja, Wajapani wengi wa rika lile wanaubeba wimbo na vyote viwili kwa pamoja. Litafute tangazo uliangalie, halafu usikilize wimbo tena bila picha.

Angalizo hapa: Yamashita amekuwa akikataa kuweka nyimbo zake kwenye huduma za kusikiliza za kulipia kwa mwezi, kwa hiyo ukiukuta Spotify angalia vizuri jina la mwimbaji, mara nyingi ni mtu mwingine kaurudia. Na hii ni kwa nyimbo zote, usitafute kwa herufi zetu tu, nakili maandishi ya Kijapani ubandike, mfano 山下達郎 ndo Yamashita mwenyewe, utaokoa muda na bando.

Baada ya hapo changamka kidogo. "Koibito ga Santa Claus" ya Yumi Matsutoya iko kwenye albamu ya Surf & Snow ya 1980, haikutolewa hata kama singo, ila 1987 ikatumika kwenye filamu ya vijana wanaoenda kuteleza kwenye theluji na ikawa ndo sauti ya zama zile za pesa nyingi, wikendi kila mtu anakimbilia milimani. Ifuatishe na "Choo Choo Train" ya ZOO ya 1991 na "Departures" ya globe iliyotoka tarehe 1 Januari 1996, zote mbili zilibebwa na matangazo ya JR ya kupeleka watu kwenye skii. Departures usiisikilize kwa spika ya simu, inaanza taratibu inajengeka, na sauti ya Keiko, mwimbaji wao, ikipanda kwenye kiitikio spika ndogo inaipasua. "Romance no Kamisama" ya Kohmi Hirose ya 1993 nayo iweke hapa, tangazo la duka la vifaa vya michezo ndo limeifanya kila Mjapani akiiskia aone theluji, wakati maneno yake ni ya msichana anayetafuta mchumba kwenye mtoko wa kundi, theluji haitajwi. Hapo usikae sana, nyimbo tatu nne zinatosha, zikizidi zinaua hamu ya kinachofuata.

Kinachofuata ndo moyo wa pleilisti yote na ndo wageni wengi wanaruka kwa sababu ni enka, zile nyimbo za huzuni za mtindo wa kizamani wa Kijapani, wanaona ni muziki wa wazee. Msiruke jamani. "Tsugaru Kaikyo Fuyugeshiki" ya Sayuri Ishikawa, 1977, ibandike hivi: 津軽海峡・冬景色. Mwanamke ameachana na mtu wake, amepanda treni ya usiku kutoka Ueno pale Tokyo, anashuka Aomori huko kaskazini kwenye theluji, watu wanaorudi kaskazini hakuna anayeongea, wanaskiliza bahari tu, anapanda feri peke yake anaangalia shakwe wanaoonekana kuganda kwa baridi, analia. Ukiwa hujui neno la Kijapani soma kwanza hiyo hadithi, halafu sikiliza anavyoivuta sauti mwishoni anapolitaja jina la mlango bahari wa Tsugaru. Machi 1988 njia ya treni ya Seikan, inayopita chini ya bahari hiyohiyo, ikafunguliwa, kilomita 54 hivi, na zile feri za reli zikaacha safari zake za kila siku, kwa hiyo leo watu wanalilia mapenzi na wanalilia na safari yenyewe.

Feri ilikuwa inashushia Hakodate, mji wa ng'ambo ya pili, kwa hiyo weka bendi ya GLAY papo hapo, "Winter, again" ya 1999, maana hao vijana kwao ni Hakodate na unaskia kabisa mtu anayekumbuka theluji ya nyumbani. Halafu "Yuki no Hana" ya Mika Nakashima ya 2003, wapenzi wa tamthilia za Kikorea mtaitambua kwa sababu Park Hyo Shin aliirudia kwa Kikorea mwaka uliofuata, na "Konayuki" ya Remioromen ya 2005, ile kiitikio chake kinapigwa kwa koo lote.

Funga na "Nagoriyuki" kwa sauti ya Iruka, 1975. Aliyeiandika ni Shozo Ise, na yeye na kundi lake la Kaguyahime walishaiimba 1974, ila toleo la Iruka ndo lililokaa kwenye vichwa vya watu. Wawili wapo stesheni ya treni, mmoja anaondoka Tokyo, theluji inaanguka wakati msimu wake umeshapita, na anayebaki ndo kwanza anaona jinsi mwenzie alivyopendeza. Ni wimbo wa taratibu, kwa hiyo punguza kelele chumbani.

Kabla hujabonyeza play nenda kwenye mipangilio uzime ile ya kuendelea kucheza yenyewe, la sivyo Iruka akimaliza tu unarushiwa wimbo wa kiangazi wa ufukweni na kazi yote imeharibika.