Kutengeneza Herbie nyumbani Unguja: anza na sakafu, malizia na namba 53

Miongoni mwa magari yaliyopata umaarufu kwenye filamu, lililo karibu zaidi na mfuko wa mtu wa kawaida ni Herbie, ile Volkswagen Beetle nyeupe yenye namba 53 na mistari myekundu, myeupe na ya buluu, iliyoonekana kwanza kwenye The Love Bug, filamu ya Disney ya mwaka 1968. Magari mengi ya sinema hudai bodi ya kuundwa upya, lakini hili lilibaki na umbo lile lile lililotoka nalo kiwandani, na kwa kuwa Beetle zaidi ya milioni 21 ziliundwa hadi uzalishaji ulipokoma nchini Mexico mwaka 2003, spea zake bado zinapatikana. Kwa sisi tunaoishi visiwani, ugumu hauko kwenye rangi wala namba. Uko kwenye kutu, na huko ndiko fedha zako zinakopaswa kwenda kwanza.

Gari la filamu lilikuwa modeli ya 1963, yenye umeme wa volti 6. Usijibane kutafuta mwaka huo. Beetle ya miaka ya baadaye yenye volti 12 itakupunguzia taabu ya betri na globu, na tofauti inayoonekana zaidi, yaani taa za mbele zilizosimama wima badala ya kulala kufuata mkunjo wa madigadi, hurekebishika kwa kubadilisha madigadi yenyewe, kwa sababu yamefungwa kwa bolti wala hayakuchomelewa. Usukani wa kulia uuache ulivyo, ingawa wa Herbie uko kushoto.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, inua zulia na utoe kiti cha nyuma. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti hicho, upande wa kulia, na tindikali yake hula bati taratibu mpaka siku moja unaiona barabara. Gonga kwa mpini wa bisibisi sakafu yote, sehemu ya kuwekea tairi la akiba, na hasa ile mihimili miwili yenye uwazi ndani inayopita chini ya milango, ambayo ndiyo njia ya hewa ya moto kwa nchi za baridi. Kwetu hewa hiyo haina kazi, lakini mihimili ndiyo inayoibeba bodi. Ikiwa bisibisi inazama, ama punguza bei kwa kiasi kikubwa, ama ondoka.

Nami nililipia funzo hili. Fundi wa kwanza niliyemwendea aliziba sakafu kwa bati la kuezekea, kwa kuwa lilikuwa rahisi na lilikuwepo. Bati hilo ni jembamba, na likichomwa, zinki yake hutoa moshi wenye sumu. Masika moja tu yalitosha kuachia viungo vyote, na kazi ikaanza upya. Tumia bati jeusi la chuma la unene wa milimita 1.2 hivi. Fanya upande mmoja kwanza ndipo uhamie wa pili, na kabla ya kukata mhimili, chomelea nondo ya muda kwenye uwazi wa mlango, la sivyo bodi italegea na mlango hautafunga tena.

Kisha zigeukie breki na mipira ya petroli. Mashine ya Beetle iko nyuma, hupozwa kwa hewa na hupata joto kali, na mpira wa zamani uliopasuka juu yake umeshateketeza magari mengi. Ibadilishe mipira yote, ifunge kwa klipu, na uweke mtungi mdogo wa kuzimia moto ndani ya gari.

Rangi ya bodi ya Herbie ilikuwa ile ya kiwandani yenye msimbo L87, ambayo jina lake lina lulu, ila jina lisikupoteze: haina mng'aro wa lulu, ni nyeupe iliyoelekea maziwa. Panga kuipiga wakati wa kaskazi, Januari au Februari, baada ya umande kukauka, kwa sababu unyevu huifanya rangi iwe na ukungu. Osha bodi kwa maji baridi ya bomba ili kutoa chumvi, ikaushe, ipige msasa, na uipake praima siku hiyo hiyo. Hewa ya pwani huliotesha kutu bati lililo wazi kwa usiku mmoja. Ukitumia rangi inayochanganywa na dawa ya kukazia, vaa barakoa ya mafundi rangi yenye vichujio, kwani ya kitambaa haikukingi.

Namba 53, inayosemekana ilitokana na jezi ya mchezaji wa besiboli Don Drysdale, hukaa ndani ya duara jeupe kwenye boneti, milango yote miwili na kifuniko cha mashine. Vipimo usivikisie. Tafuta picha ya gari hilo iliyopigwa ubavuni, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, ukijua kuwa umbali huo kwenye gari halisi ni sentimita 240. Ukipata sentimita 12, basi kila sentimita moja ya picha ni 20 za kweli, na kwa hesabu hiyo utapata duara na tarakimu kwa usahihi unaoridhisha. Chora kwenye kadibodi kwa uzi na penseli, ubandike mlangoni, usimame mbali uitazame kabla ya kumpa mkata stika. Mistari inayotoka bampa hadi bampa ni bora kuipiga rangi, maana stika ndefu juu ya paa hukunjamana kwa jua.

Herbie ana paa la kitambaa linalofunguka. Usikate paa, wala usigundishe turubai juu yake, kwani maji yatajificha chini yake. Mstatili wa rangi ya kijivu isiyong'aa hutosha kabisa, na rangi hiyo hiyo inafaa ndani, kwa sababu watengenezaji wa filamu waliipaka ili taa za kamera zisiakisi.

Kuhusu sahani ya namba, ile ya Herbie kwenye filamu, OFP 857, iwe ya maonyesho tu gari likiwa limeegeshwa. Barabarani namba yako ya Z ibaki mahali pake, na ikiwa umebadilisha rangi, peleka kadi ya gari irekebishwe kabla ya kulitoa uani.