Somo: Kumcheza muumini wa Humakt, anayeua bila mori

Mtu akisikia "mungu wa mauti", haraka anaunda mhusika anayetoka povu mdomoni. Ndani ya Glorantha, ulimwengu wa RuneQuest (mchezo wa kuigiza wahusika, ulitoka 1978), huyo si wa Humakt, mungu wa mauti wa huko. Mori ni wa mungu Storm Bull, na wa Zorak Zoran, mungu wa matroli aliyechanganya runi (alama ya nguvu ya kimungu) ya Mauti na ya Vurugu. Humakt anayo Mauti hiyohiyo, ila ameifunga pamoja na runi ya Kweli.

Hatua ya 1: Mtenge na ukoo wake. Ngano inasema Mauti, yaani upanga wa Humakt, yaliibwa na Eurmal mlaghai, yakafika kwa Orlanth, mungu wa dhoruba, naye akamuua Yelm, mungu jua. Humakt akakata undugu na jamaa zake. Kwa hiyo kabla ya kutupa dadu yoyote, amua mhusika wako amemwacha nani nyumbani, na kama mama yake bado anamwekea chakula. Hapa ndipo mhusika anapozaliwa. Mengine ni hesabu.

Hatua ya 2: Panga runi. Katika toleo la 2018, runi za Mauti na Uzazi hugawana 100. Mfano, Mauti 80, Uzazi 20. Usiiache namba ilale kwenye karatasi: mpeleke arusini tuone atakaaje.

Hatua ya 3: Chagua miko. Kila karama ya Humakt huja na mwiko wake, mfano kutotumia sumu au kutoshiriki kuvizia. Chagua utakaokubana kweli. Mwiko usiogharimu kitu ni pambo tu.

Hatua ya 4: Vitani, tupa dadu kwa Heshima, si kwa Chuki (zote ni hisia za mhusika zenye namba kwenye karatasi). Ukifaulu unaongeza asilimia 20 kwenye ustadi wa upanga. Ukishindwa unapunguziwa. Ua, futa upanga, songa mbele. Hakuna kushangilia.

MASWALI YA WANACHAMA

Adui akitupa silaha chini?
Kumuua asiye na silaha kunakula Heshima yako. Mrudishie upanga wake, au mteke. Mimi ningemrudishia.

Mwenzangu ni wa Storm Bull, akipandwa na mori namfanyaje?
Mpishe. Akiwa hivyo hakingi wala hakwepi, anapiga tu. Wewe linda ubavu wake. Yeye anawinda viumbe vya Machafuko, wewe wafu wanaotembea, mtaelewana. Wa Zorak Zoran ndiye shida: wao hutengeneza zombi, na hilo kwako ni kufuru.

Nikifa, kuhani wa kikundi anaweza kunifufua?
Hapana. Wa Humakt hafufuliwi, hata kuhani akijitolea. Andaa karatasi ya mhusika wa pili mapema.