Simu ya zamani ya Android kwa mtoto: akaunti kwanza, vizuizi baadaye

Mzazi akinunua simu mpya, ile ya zamani huhamia kwa mtoto, na mara nyingi huhama na kila kilichomo: akaunti ya mzazi, picha zake, hata kadi ya benki iliyohifadhiwa Play Store. Balaa nyingi huanzia hapo. Mtoto akiwa ndani ya akaunti yako, Google inamhesabu kuwa mtu mzima, kwa hiyo video anazopendekezewa ni za mtu mzima, matangazo vivyo hivyo, na kununua sarafu za mchezo ni suala la kubofya tu. Huwezi kuliziba tundu hilo kwa kupakua programu ya kuzuia juu yake. Fuata mpangilio huu: kagua simu, toa vyako, futa, fungua akaunti ya mtoto, ndipo uweke mipaka. Tenga kama saa mbili, simu zote mbili ziwe na chaji na Wi-Fi ya uhakika.

Maelezo haya ni ya mtoto aliye chini ya miaka 13, umri ambao katika nchi nyingi Google inamruhusu mtu kusimamia akaunti yake mwenyewe. Nchi nyingine zimeweka 14, nyingine hadi 16. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Usipoona kitu pale kinapotajwa, kiandike kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio.

Hatua ya 1: Kagua kama simu inafaa

Anza na betri. Laza simu mezani, mgongo chini, kisha uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, mgongo umetuna. Itazame pia kwa ubavuni: mwanya kati ya kioo na fremu maana yake betri imevimba kwa gesi ya ndani. Simu hiyo usiichaji, usiibonyeze kioo kirudi mahali pake, na usijaribu kutoboa chochote. Izime, mpe fundi abadilishe betri. Akisema haibadilishiki, simu hiyo si ya mtoto wala ya mtu mwingine.

Halafu ingia Mipangilio, Kuhusu simu, uangalie toleo la Android. Family Link, programu ya Google ya kusimamia simu ya mtoto, imekusudiwa Android 7.0 kwenda juu, lakini kichujio cha tovuti cha hatua ya 5 kinahitaji Android 9. Ichukulie 9 kuwa ndiyo mwanzo. Simu ya GB 16 itakusumbua kila wiki kwa ujumbe wa nafasi kujaa, maana mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa. GB 32 inavumilika. Kioo kilichopasuka lakini kimeshikana kinafunikwa na protekta. Kinachodondosha vipande kibadilishwe.

Hatua ya 2: Toa vyako

Kitu kinachopotea kwa uchungu kuliko picha ni ile programu inayotoa namba za kuthibitisha unapoingia kwenye barua pepe au akaunti nyingine. Ukifuta simu kabla ya kuihamisha, unaweza kujifungia nje ya akaunti zako mwenyewe. Usitosheke kuiona imo kwenye simu mpya. Ingia mahali fulani kwa kutumia namba iliyotolewa na simu mpya, ikikubali ndipo uendelee.

Kwenye picha, Google Photos ikisema imemaliza kuhifadhi, kwa kawaida inazungumzia folda ya kamera. Folda za WhatsApp, picha za skrini na vilivyopakuliwa haziguswi mpaka uziwashe moja moja kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala. Video ya mtoto akitembea mara ya kwanza, uliyotumiwa na bibi yake kwa WhatsApp, huenda iko huko.

Kisha hakikisha mazungumzo ya WhatsApp yamefika kwenye simu mpya, ondoa usajili wa simu hii kwenye programu ya benki, na utoe laini pamoja na memori kadi. Kufuta simu kwa kawaida hakufuti kadi. Na usimwachie mtoto laini ambayo namba yake ndiyo inayopokea misimbo ya benki yako.

Hatua ya 3: Ondoa akaunti, ndipo ufute

Nenda Mipangilio, kwenye sehemu ya akaunti, chagua akaunti yako ya Google, bofya Ondoa. Kama zipo mbili, ondoa zote. Baada ya hapo ndipo uende kwenye kuweka upya na uchague kufuta data yote. Chomeka chaja, usiizime katikati.

Mpangilio huu una sababu. Tangu Android 5.1 kuna kinga ya wizi: simu ikifutwa wakati akaunti bado imo, hasa kwa njia ya kubana vitufe vya sauti na kuwasha, ikiwaka inadai akaunti ileile ya mwanzo. Wengi hukwama hapo na kukimbilia kwa fundi. Dawa ni kuingia kwa akaunti hiyo ya zamani, kuiondoa kwenye Mipangilio, kisha kufuta upya.

Hatua ya 4: Fungua akaunti ya mtoto

Kwenye simu yako pakua Family Link, ingia kwa akaunti yako, chagua kuongeza mtoto. Andika tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Wazazi wengine humwongezea miaka ili mambo yaende haraka, na hapo wameshatengeneza akaunti ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka 8. Vizuizi vyote vinavyotegemea umri vimekufa siku hiyohiyo. Anwani ya barua pepe isiwe na jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa. Google huenda ikakuomba uthibitishe kuwa wewe ni mtu mzima. Nenosiri la akaunti andika mahali pako. Mtoto hana haja nalo.

Washa simu ya mtoto. Ikiuliza kama unataka kunakili data kutoka simu nyingine, kataa. Ikiomba akaunti, weka ya mtoto, halafu itakuomba nenosiri lako ili ukubali kumsimamia. Ukimaliza, usiongeze akaunti yako kama ya pili ili "kumpakulia tu mchezo mmoja". Utakuwa umerudi ulikotoka.

Kama mnalea wawili, mpe mwenzako hadhi ya mzazi ndani ya kikundi cha familia, vinginevyo kila ombi la mtoto litakusubiri wewe peke yako.

Hatua ya 5: Weka mipaka

Mipaka yote isipokuwa ya mwisho inawekwa kwenye Family Link, katika simu yako.

Play Store: weka ruhusa ihitajike kwa maudhui yote, si ya kulipia tu, maana michezo mingi ya bure ndiyo yenye maduka ndani. Jua pia mahali ruhusa hii inapoishia. Masasisho ya programu hayaombi ruhusa, programu uliyowahi kuikubali ikipakuliwa upya haiombi, na malipo yasiyopitia mfumo wa Google hayaoni kizuizi hiki kabisa. Kabla ya kukubali mchezo, soma chini ya daraja la umri kama watumiaji wanawasiliana. Mchezo wa magari usio na gumzo na mchezo wa magari wenye gumzo ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama picha zake zinafanana.

Kifaa: zima usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana (yaani nje ya Play Store), zima kuongeza watumiaji, zima chaguo za wasanidi (menyu ya watengeneza programu). Ukisahau la watumiaji, mtoto anaweza kufungua mtumiaji mwingine asiye na mipaka.

Muda: miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 haipendekezi skrini kwa mtoto wa mwaka 1, na kwa wa miaka 2 hadi 4 inasema isizidi saa 1 kwa siku. Wakubwa zaidi hawamo kwenye miongozo hiyo, hivyo uamuzi ni wako. Ushauri wangu: anza na saa za kulala, kwa mfano 20:00 hadi 06:30, kabla hujagusa kikomo cha siku. Saa isiyobadilika haileti mabishano ya kila jioni. Halafu weka kikomo kwa michezo na video pekee, na programu za kusoma uziweke kwenye ruhusa ya wakati wote. Kikomo kimoja cha simu nzima humfanya mtoto atumie dakika zake zote kwenye mchezo, kisha akose za kusoma. Muda ukiisha skrini hujifunga, ila bado anaweza kupokea simu na kupiga ya dharura. Mpe dakika chache za ziada amalize raundi, kufunga katikati ya mchezo ndiko kunakoleta kilio. Simu ikiwa haina intaneti, mabadiliko yako hayatafika. Tumia msimbo wa mzazi unaotolewa na Family Link.

Kichujio cha tovuti: Family Link ina kichujio chake, lakini kinafanya kazi ndani ya Chrome. Tovuti inayofunguliwa ndani ya mchezo inakipita. Ndiyo maana unahitaji DNS ya Faragha. DNS ni huduma ambayo simu huiuliza anwani ya tovuti kabla ya kuifungua. Kwenye simu ya mtoto ingia Mipangilio, Mtandao, DNS ya Faragha, chagua kuandika jina la mtoa huduma, uweke:

family.cloudflare-dns.com

Sasa programu yoyote ikiuliza anwani ya tovuti ya ngono au yenye virusi, haipewi jibu, iwe kwa Wi-Fi au kwa data. Herufi moja ikikosewa, intaneti yote inakatika, kwa sababu simu ikiwa kwenye hali hii haitafuti njia mbadala. Wi-Fi za umma zenye ukurasa wa kuingilia zinaweza pia kugoma. Kichujio hiki kinatazama jina la tovuti, hakioni video ipi inachezwa ndani ya YouTube. Kwa mtoto mdogo weka YouTube Kids, chagua maudhui uliyoidhinisha wewe tu. Hapo na kutafuta kunazimika.

Mtoto anayejua kupekua Mipangilio anaweza kuizima DNS hiyo. Kama ruta yako inakubali, weka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye sehemu yake ya DNS, ili angalau ndani ya nyumba kichujio kibaki hata simu ikichezewa.

Hatua ya 6: Masikio na chaji

Kiwango salama cha Shirika la Afya Duniani kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa kuwa nyumbani hakuna wa kupima, sauti ya vipokea sauti isizidi asilimia 60. Chaji ifanyike nje ya chumba cha kulala, juu ya kitu kigumu, kamwe si chini ya mto.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujaikabidhi

Kaa na simu ya mtoto ufanye yale atakayoyafanya. Pakua mchezo, uone kama ombi linafika kwako. Jaribu kusakinisha faili kutoka kwenye kivinjari. Tafuta YouTube ya kawaida, na kama ipo ifungie. Zima Wi-Fi, washa data, ufungue tovuti mbili tatu za kawaida kuhakikisha DNS haijakata kila kitu. Kwenye Family Link bofya kitufe cha kuilazimisha simu ya mtoto ilie, na utazame kama ramani inaonyesha ilipo. Ramani inahitaji simu iwe imewaka, ina intaneti, na huduma ya mahali imewashwa.

Siku simu hii itakapohamia kwa mdogo wake, rudia kuanzia hatua ya 3. Kuondoa akaunti ya mtoto kwenye simu kutahitaji nenosiri lako wewe, kwa hiyo usimwachie yeye kazi hiyo.