Namna ya Kuchunguza Sanaa na Urithi wa Japani Ukiwa Nyanda za Juu Kusini, kwa Kuanzia na Chai

Anayetaka kuujua utamaduni wa Japani kwa simu yake akiwa Tukuyu, Mafinga au Njombe hukutana kwanza na wingi wa vitu: mapanga, katuni, mahekalu na mavazi ya kimono, vyote vikipita kwenye kioo bila mwaka wala jina la mahali. Njia ninayoipendekeza ni kuchagua jambo moja ambalo watu wa hapa wanalifahamu kwa mikono yao, kisha kulifuata hadi ndani ya makumbusho ya Japani; na kwa mikoa yetu sioni linalofaa kuliko chai.

Mmea ni uleule. Tofauti huanza baada ya kuchuma, kwa kuwa katika viwanda vya Rungwe na Mufindi majani hunyaushwa, husagwa na kuachwa yabadilike rangi kwa hewa mpaka yawe chai nyeusi, ilhali Wajapani huyapitisha kwenye mvuke mara tu yanapotoka shambani ili yabaki na ukijani wake. Kwa chai ya matcha, michai hufunikwa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, na majani makavu husagwa kwa jiwe hadi yawe unga, ambao hukorogwa na maji moto ndani ya bakuli na kunywewa wote bila kuchujwa. (Aliyezoea maziwa na tangawizi ajiandae: hata sukari haitiwi.) Bakuli hilo ndilo lililozungukwa na sanaa nzima ya kumkaribisha mgeni, ambayo bingwa wa chai Sen no Rikyū (1522–1591) aliipa sura tunayoijua, yeye alipenda chumba kidogo na vyombo visivyo na madoido, na mfinyanzi Chōjirō alimtengenezea mabakuli kwa mikono mitupu, bila gurudumu.

Ukiyajua hayo, fungua ColBase, kanzidata ya pamoja ya makumbusho ya taifa ya Japani, yakiwemo ya Tokyo, Kyoto, Nara na Kyushu. Haina Kiswahili, hivyo chagua Kiingereza, lakini kwenye kisanduku cha kutafutia bandika maandishi 茶碗, yaani chawan, bakuli la chai, maana majina ya Kijapani ya vitu hivyo hayayumbi kama tafsiri zake. Kabla ya kuikuza picha, soma kipindi, vipimo na mahali kitu kilipotengenezwa.

Chombo kimoja ninachomshauri kila anayeanza akitafute ni bakuli liitwalo Bakōhan, lililomo katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Lilifinyangwa China katika karne ya 13, lina rangi ya kijani kilichopauka na ukingo wenye umbo la ua. Inasimuliwa kwamba lilipopata ufa mikononi mwa Ashikaga Yoshimasa, mtawala wa kijeshi wa Japani, lilirudishwa China ili litafutiwe pacha wake, na kwa kuwa hakupatikana mfano wake, mafundi waliubana ufa kwa vipini vya chuma, kama kibuyu kilichopasuka kinavyoshonwa, wakalirejesha. Kuza picha mpaka uvione vipini vyenyewe, kisha jiulize kwa nini waliolirithi hawakuona haya kuvionyesha. Msomaji aliyewahi kuwatazama akina mama wa Kikisi wa Matema wakifinyanga vyungu atakuwa na maswali mengine ya kuongeza, kuhusu unene wa ukingo na alama za vidole, na maswali hayo ndiyo yanayofundisha.

Japan Search, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2020, ina upana mkubwa zaidi kwa sababu hukusanya kumbukumbu za maktaba, nyaraka na makumbusho mengi. Itumie baadaye, usije ukapotea. Kwa picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, kama lile wimbi maarufu la mchoraji Hokusai la mwaka 1831 hivi, tembelea ukiyo-e.org, ambako nakala za picha moja kutoka makumbusho tofauti huwekwa pamoja, nawe utaona jinsi rangi ya buluu inavyotofautiana kati ya nakala na nakala. Wanaotaka lugha wasikilize idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, yenye masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili.

Picha kubwa hula bando, kwa hiyo pakua chache ulizokwisha kuzichagua, na uandike jina, kipindi na makumbusho kwenye daftari papo hapo. ColBase huruhusu picha zake kunakiliwa na hata kutumiwa kibiashara mradi chanzo kitajwe. Mwalimu wa Mbeya anaweza basi kuzichapisha kwa ajili ya darasa bila wasiwasi.

Mwenye shamba la chai anaweza pia kujaribu kwa vitendo. Achume majani mawili na kichipukizi asubuhi, ayaweke kwenye mvuke kwa muda usiozidi dakika moja, ayasokote kwa viganja na kuyakausha juu ya moto mdogo, akirudia kusokota mpaka yakakamae. Maji ya kuitengenezea yapoe kwanza hadi nyuzijoto 70 au 80, kwani yanayochemka huifanya chai ya kijani iwe chungu.