Somo: Kufuatilia kimbunga cha baharini ukiwa Moshi au Arusha, na la kufanya kinaposogea

Kimbunga kikishapewa jina tu Bahari ya Hindi, simu yangu haipoi. Nauza vitunguu na viazi kwa jumla hapa Moshi, sehemu ya mzigo inapanda boti kwenda Unguja, kwa hiyo ndugu na wateja wameniamulia kwamba mimi ni mtabiri. Siyo. Ninachofanya ni kusoma taarifa za wenye kazi yao na kuamua mapema. Nimeandika hapa ninavyofanya, na mwisho nimejibu maswali mliyotuma.

Kabla ya yote, tuelewane jambo moja. Vimbunga havipendi kukaribia ikweta. Kuzunguka kwake kunatokana na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo hufifia ukikaribia mstari wa ikweta, ndiyo maana ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 kaskazini au kusini. Sisi tuko nyuzi 3 kusini, tena zaidi ya kilomita 250 kutoka baharini. Upepo wa kimbunga ukishaingia nchi kavu unakosa maji ya moto ya kuulisha, unakufa njiani. Kinachotufikia sisi ni mvua, barabara kukatika, na wasiwasi wa ndugu walioko Tanga, Kilwa, Mafia na Mtwara. Jiandae kwa hayo matatu.

Hatua ya 1: Jua msimu

Upande wetu wa bahari msimu unahesabiwa kuanzia Julai hadi Juni, lakini vimbunga vyenyewe vinakuja zaidi Novemba hadi Aprili, na pwani yetu imeguswa mara nyingine mwishoni kabisa mwa kipindi hicho. Kile cha Zanzibar cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kilikuwa Aprili. Cha Lindi 1952, Aprili. Kenneth 2019 kilichokwenda kupiga kaskazini ya Msumbiji huku Mtwara wakiwa roho juu, Aprili. Jobo 2021, Aprili, kikafifia kabla ya kutufikia. Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Yaani vinakuja masika, udongo ukiwa umeshalowa na mito imeshajaa. Hilo la udongo kulowa lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 2: Chagua vyanzo viwili tu

Cha kwanza ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Cha pili ni kituo cha kanda cha vimbunga kilichoko kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, ambacho ndicho kinachofuatilia vimbunga vyote vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ramani za rangi kama Windy ni nzuri, ila zile ni modeli za kompyuta, hazijapita mikononi mwa mtaalamu wa zamu. Mimi nazitumia kwa kitu kimoja: nafungua modeli ya Wamarekani, kisha ya Wazungu wa Ulaya. Moja ikikipeleka kimbunga Mafia na nyingine ikikipeleka Msumbiji, najua hakuna mtu anayejua bado, nasubiri.

Hatua ya 3: Soma taarifa kwa mpangilio huu

Hapa ndipo wengi wanapotea, nitakaa kidogo.

Anza na rangi. TMA wanatumia njano kwa angalizo, rangi ya machungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Rangi inapatikana kwa kuchanganya vitu viwili: uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake. Vyote viwili vimeandikwa pale chini ya ramani, na watu hawavisomi. Njano yenye "athari kubwa, uwezekano mdogo" si sawa na njano yenye "athari ndogo, uwezekano mkubwa". Ya kwanza inaniamsha usiku.

Kisha tafuta jina la mkoa wako. Sisi tunaandikwa "nyanda za juu kaskazini mashariki (mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro)". Kama hatumo kwenye orodha, tahadhari hiyo ni ya pwani, usiisambaze kwenye kikundi cha ukoo kana kwamba mvua inabisha hodi Kiborloni.

Halafu tafuta kiasi. Wakisema mvua kubwa, wanazungumzia zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 itamwaga lita 5,000, mapipa 25 yale ya lita 200. Sasa hesabu mabati ya mtaa mzima, yote yakielekea kwenye mtaro mmoja wenye chupa za maji, mifuko na magome ya migomba.

Baada ya hapo ndipo uangalie ngazi ya kimbunga. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, mfumo unapewa jina na unaitwa dhoruba. Ukifika 118 ndiyo kimbunga kamili, ukifika 166 ni kimbunga kikali. Réunion wanapima wastani wa dakika 10. Wamarekani wanapima wastani wa dakika 1, kwa hiyo namba yao huwa juu kidogo kwa kimbunga kile kile. Usione namba mbili ukasema mmoja anadanganya. Ukikuta upepo umeandikwa kwa noti (kipimo cha kasi cha mabaharia), zidisha kwa 1.85 upate kilomita kwa saa.

Mwisho kabisa angalia mstari wa njia yake. Kwa makusudi nimeuweka mwisho, maana ndicho kitu watu wanakipiga picha na kukituma. Mstari ule ni njia ya kitovu tu, na lile eneo linalopanuka mbele yake kama faneli linaonyesha kitovu kinaweza kuwa wapi. Halionyeshi ukubwa wa kimbunga. Mvua inaweza kukunyeshea kilomita mia kadhaa nje ya faneli.

Hatua ya 4: Geuza saa

Taarifa za kimataifa zinatumia saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima. Ongeza 3 upate saa zetu. Vipimo vya Réunion ni vya 00, 06, 12 na 18, yaani saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku, na taarifa yenyewe inatoka baadaye kidogo. Hakuna haja ya kuchungulia simu kila dakika tano, mara mbili kwa siku inatosha. Ila andika kwenye daftari: kitovu kilikuwa wapi, upepo kiasi gani. Ukiona taarifa tatu mfululizo zinakisogeza upande ule ule, huo ndio mwelekeo. Taarifa moja peke yake mimi siitumii kuamua kitu.

Hatua ya 5: Amua kwa saa zilizobaki, siyo kwa ukali wa upepo

Siku tano kabla: piga simu pwani. Uliza kama nyumba iko bondeni au karibu na maji, kama kuna mgonjwa wa sukari au presha na dawa zake zimebaki za siku ngapi. Tuma hela ya mahitaji sasa hivi, kwa sababu umeme ukikatika na minara ikizima hata wakala hana cha kukutolea.

Siku tatu kabla: safari ya Dar, Tanga au Kusini isogezwe mbele au nyuma. Mzigo wa kuoza usiondoke. Boti za Unguja husimamishwa hali ikichafuka, na kwa Hidaya zilisimamishwa kweli, na nyanya hazijui kusubiri bandarini.

Saa 24 kabla: wa pwani wanaokaa karibu na maji wahame wakati bado kuna mwanga, jahazi na ngalawa zivutwe juu. Angalieni pia mwezi. Kimbunga kikija na bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya bahari yanapanda juu ya pale yalipokwishapanda. Na upepo ukinyamaza ghafla katikati ya dhoruba, asitoke mtu: hilo ni jicho linapita, upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Huku juu, siku hiyo hiyo: zibua mtaro wa mbele yako na wa jirani asiyejali (utagombana naye baadaye). Vyeti, hati ya kiwanja na kadi za bima ziingie kwenye mfuko wa nailoni, juu ya kabati. Jaza madumu maji safi, kwa sababu mafuriko yakiisha bomba hutoa maji ya rangi ya chai. Chaji simu na pawabenki, tafuta redio ya betri. Mbegu na mbolea zipande kwenye chanja. Kama maji yanaweza kuingia ndani, zima swichi kuu ya umeme kabla hayajafika, siyo ukiwa umesimama ndani yake.

Mvua ikishaanza, kazi ni moja: usivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 zinamwangusha mtu mzima, 30 zinaelea na gari dogo, 60 zinabeba magari mengi. Aprili 2024 pale Arusha gari la shule lilisombwa na watoto wakapotea. Makorongo yetu yanashusha maji ya mlimani hata mjini kukiwa hakujanyesha tone.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Chekereni: *Shikamoo dada. Nina mpunga, je, kimbunga kikitangazwa nitarajie mvua au ukame?*

Marahaba. Yote mawili yanawezekana, inategemea kiko wapi. Kikikaa mbali kusini, kwenye mlango wa Msumbiji, kinaweza kuvuta unyevu wote kwake. Machi 2019 Idai kilipokwenda kupiga Beira, masika huku kwetu yalichelewa. Kikipanda karibu na pwani yetu, unyevu unasukumwa ndani tunanyeshewa. Kwa hiyo usimwage mbegu kwa kusikia neno kimbunga. Subiri utabiri wa TMA wa siku kumi, muulize na bwana shamba wako.

Kutoka Same, milimani: *Sisi mafuriko hatuyaogopi, tunaogopa mlima.*

Na mna haki. Novemba 2009 udongo uliporomoka huko huko Same na kufukia watu, na Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliifunika Katesh. Vyote viwili vilitokana na mvua, bila kimbunga. Angalieni nyufa mpya ardhini juu ya nyumba, miti au nguzo zilizoanza kulala, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, chemchemi iliyogeuka tope. Mto ukipungua ghafla mvua ikiwa bado inanyesha, huenda kuna kifusi kimeuziba huko juu. Ukiona hivyo, tokeni kwenye njia ya bonde mpande pembeni, msikimbie kulifuata bonde kuteremka. Usiku wa tahadhari ya rangi ya machungwa laleni kwa ndugu aliye kwenye mgongo wa kilima.

Kutoka Sakina, Arusha: *Mwanangu anasoma Florida. Nikisikia hurikeni nakosa usingizi. Nifuatilie wapi?*

Pole mama. Hurikeni ni kimbunga kile kile, jina tu la upande wa Atlantiki. Msimu wao ni Juni 1 hadi Novemba 30. Fuata Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilichoko Miami. Taarifa zake kuu majira ya joto zinatoka saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku kwa saa zetu. Ngazi zao ni 1 hadi 5, ya kwanza inaanza kilomita 119 kwa saa, ya tano 252. Lakini ngazi hiyo inapima upepo tu, haisemi lolote kuhusu maji ya bahari kupanda wala mvua, na maji ndiyo yanayoua wengi. Swali la kumuuliza mwanao ni moja: anakaa eneo la kuhama la herufi gani? Wilaya za Florida zimegawanywa kwa A, B, C na kuendelea. Herufi yake ikitajwa, aondoke. Na siku yenyewe mtumie ujumbe mfupi badala ya kumpigia kila saa, unammalizia chaji.

Kutoka Ngaramtoni: *Kuna sauti inazunguka inasema kimbunga kitapiga Arusha usiku huu saa 8. Kweli?*

Hapana. Sauti isiyo na jina la mtu, tarehe wala namba ya taarifa, ifute.

Kutoka Himo: *Hidaya si kilikuja kikafa? Watu walifunga maduka bure.*

Kaka, upepo ulipungua nguvu kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, ni kweli. Lakini mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga, malori yakalala njiani. Aliyefunga duka siku mbili alipoteza mauzo ya siku mbili. Aliyekuwa na lori la viazi upande wa pili wa daraja muulize mwenyewe alipoteza nini.

Kutoka Njiro: *Wakitangaza kimeisha, naweza kusafiri kesho yake?*

Kilichoisha ni upepo. Mito inaendelea kujaa baada ya mvua kukatika, kwa sababu maji ya juu bado yako njiani, na daraja lililochimbwa chini linaonekana zima ukiwa juu yake. Sikiliza TANROADS wanasema nini kuhusu barabara yako, kisha nenda stendi uulize madereva waliofika asubuhi hiyo kutoka unakokwenda. Kama hakuna aliyefika, rudi nyumbani.