Kupiga na Kuhariri Faili Ghafi Bila Kupoteza Kina cha Rangi

Chukua picha ya anga la machweo iliyohifadhiwa kama JPEG, kisha uikoleze kontrasti. Pale ambapo rangi ya chungwa ilipaswa kuyeyuka taratibu ndani ya samawati, huanza kujitokeza mapande yaliyopangana kama ngazi. Anga halikuwa na mapande hayo; yametokana na uchache wa hatua za rangi zilizobaki ndani ya faili.

JPEG ya kawaida hutumia biti 8 kwa kila rangi ya msingi, yaani hatua 256 za nyekundu, kijani na buluu, ilhali faili ghafi (RAW, yaani data ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha kamili) ya biti 12 ina hatua 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Hata hivyo, hatua za faili ghafi hazigawanywi sawasawa. Kwa kuwa sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, hupima mwanga jinsi unavyoingia, stopu (ngazi ya mwangaza) moja ya juu kabisa, yenye mwanga maradufu ya ile inayoifuata, huchukua nusu ya hatua zote. Inayofuata huchukua robo, na kuendelea hivyo hadi vivuli viambulie chache mno. Ndiyo maana uso uliofunikwa na kivuli cha kofia huchakaa upesi unapoangazwa baadaye.

Basi, kwenye menyu ya kamera chagua RAW na, ikiwezekana, biti 14 pamoja na mgandamizo usiopoteza data. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya biti 12 na 14 ni ndogo, na huonekana hasa kwenye vivuli vilivyoinuliwa sana. Hatua kubwa kweli ni kuondoka kwenye biti 8, kwa hiyo nafasi ikiwa finyu kwenye kadi, tumia 12 bila wasiwasi.

Unapopiga, ruhusu mwanga mwingi kadiri uwezavyo bila kuunguza sehemu angavu zenye maelezo unayoyahitaji. Kumbuka kwamba histogramu ya kamera, yaani grafu ya mgawanyo wa mwangaza kwenye picha, kwa kawaida hutokana na JPEG ya mfano, si data ghafi yenyewe, hivyo inaweza kuonya mapema kidogo. Mizani ya weupe, yaani urekebishaji wa rangi ili cheupe kionekane cheupe, isikusumbue sana, kwani ndani ya faili ghafi imeandikwa kama maelekezo tu, nawe unaweza kuibadilisha baadaye bila kuharibu chochote.

Kwenye kompyuta, rekebisha mizani ya weupe na mwangaza kwanza, ndipo uguse vivuli, ukifanya kazi hiyo yote ndani ya programu ya kusafisha faili ghafi. Ukilazimika kuihamishia picha kwenye programu nyingine, itoe kama TIFF ya biti 16, aina ya faili ya picha inayobeba hatua nyingi kuliko JPEG. Jambo hili ni la lazima hasa ukitumia mfumo wa rangi uitwao ProPhoto RGB, kwa sababu wigo wake ni mpana kiasi kwamba biti 8 huachanisha hatua na kurudisha yale mapande. JPEG ya biti 8 katika sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida unaofaa kwa intaneti, itengeneze mwisho kabisa.

Kuigeuza JPEG kuwa faili ya biti 16 hakurejeshi kilichopotea: ni kumimina kikombe cha maji ndani ya pipa, ambapo chombo kimekua lakini maji ni yale yale. Kwa hiyo usifute faili ghafi hata baada ya kuituma picha. Marekebisho yako huhifadhiwa pembeni kama maelekezo, na data ya asili hubaki kama ilivyotoka kwenye sensa, tayari kusafishwa upya.